Kikohozi Nilichotoka Nacho Milimani

Katika watu wote waliokulia Temeke enzi zangu, hakuna anayeijua baridi kunishinda mie. Nimeishi nayo, nimelala nayo kitanda kimoja, nimeoga nayo alfajiri ndoo nzima bila kupiga kelele. Hiyo ya kuoga ni uongo. Kelele nilipiga, na masista wakatoka na taa wakidhani chui ameingia bwenini. Na ndoo haikuwa nzima. Ilikuwa nusu, na hiyo nusu nikaimwaga chini nikalowesha nyayo tu, ili wenzangu waone alama za maji.

Mwaka ulikuwa hamsini na mbili. Mwingereza bado yuko, Temeke ina mikorosho mingi kuliko nyumba, nami nina miaka kumi na mitatu. Baba yangu, Marselino, alikuwa seremala kwenye karakana ya Mhindi mmoja mjini. Kwao Masasi, lakini baada ya vita alishukia Dar es Salaam akaona hakuna haja ya kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mama yangu, Margareta, naye wa hukohuko. Darasa la nne nililimaliza nikiwa wa kwanza kati ya wasichana. Tulikuwa wasichana watatu, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Padri akamwambia baba kuna nafasi kwenye shule ya bweni ya masista, juu kabisa milimani Uluguru, kuanzia darasa la tano. Baba akakubali padri hajamaliza kusema. Tangu siku hiyo hakumsalimu mtu salamu tupu. Ilikuwa, "Hamjambo huko? Adelina anakwenda kusomea ualimu." Mwenye duka aliambiwa, muuza maji aliambiwa, na mbwa wa jirani nadhani naye aliambiwa.

Sasa, mtu wa Temeke anajua nini juu ya baridi? Mama alikwenda kumuuliza Bi Zuena, jirani yetu, Mzaramo, muuza vitumbua, ambaye aliwahi kufika Morogoro mara moja kwenye msiba. Kwa mtaa wetu huyo ndiye alikuwa mtaalamu.

"Baridi dawa yake mafuta," Bi Zuena akasema. "Mpake mtoto mafuta ya nazi mwili mzima. Baridi ikija itateleza."

Basi nikaondoka na chupa mbili za mafuta ya nazi, magauni mawili, kanga jozi moja, na blanketi ambalo ukilinyanyua juani unaona jirani anapika nini. Treni mpaka Morogoro, lori mpaka chini ya mlima, halafu miguu, kutwa nzima, sanduku langu likiwa kichwani mwa mchukuzi. Baba alilitengeneza kwa mninga, zito kama dhambi. Yule mchukuzi aliniuliza mara tatu kama nimebeba mawe.

Kwetu jua halibishi hodi, linaingia tu. Unafungua macho, liko mkekani. Kule juu jua ni mgeni anayeahidi kuja. Ulipoingia mwezi wa tatu, mvua ikaanza, na ukungu ukashuka ukatukalia. Wiki tatu nzima sikuona kivuli changu. Mtu hajui kama anakipenda kivuli chake mpaka kimpotee. Ukungu uliingia darasani kwa dirisha, ukakaa nasi kwenye hesabu, na sista akawa anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kama picha ya kanisani. Nguo ukiifua Jumamosi unaivaa Jumatano, nayo inanuka mbwa. Saa kumi jioni kumeshakuwa kama Magharibi. Wala si baridi peke yake iliyonitesa. Ile hali ya kuamka kila siku ukakuta mbingu imefungwa ilinifanya nijisikie kama mtu aliyesahauliwa ndani ya kabati.

Na yale mafuta ya Bi Zuena! Usiku wa pili yaliganda yakawa kama mshumaa. Nikayachokoa kwa kijiti, nikajipaka, yakasimama mwilini mabonge meupe mabonge meupe. Wenzangu wakasogeza vitanda vyao wakidhani nina ugonjwa. Aliyebaki ni wa kitanda cha pili, Avelina, Mluguru wa kijiji cha jirani, msichana mfupi mwenye miguu migumu kama ya meza.

"Wewe wa pwani, mwili umeufanya nini?"

"Mafuta. Ya kuzuia baridi."

Avelina akalishika bonge moja begani kwangu, akalitazama vizuri. "Yenyewe yameshindwa na baridi, wewe yatakukingaje?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kuishi. Alinifundisha kuamka kabla ya kengele nikachukue kuni, maana mwenye mzigo hatetemeki. Alinifundisha kuomba jiwe lililokaa kando ya jiko, kulifunga kitambaa na kulala nalo miguuni. Kikombe cha uji tulikikumbatia kwanza, kunywa baadaye. Na alinikataza kukaa dirishani. "Usilingoje jua, Adelina. Ukilingoja siku haiishi. Fanya kazi, litakukuta."

Nami nikaanza kuzoea kidogo. Sitasema uongo mwingine, ule wa kuoga unatosha. Hesabu nilizipenda, na sista alisema mwandiko wangu unasomeka hata gizani, jambo ambalo kule lilikuwa la faida. Mvua ilipokatika mwezi wa sita nikamwambia Avelina kwa furaha, "Haya, baridi tumeimaliza."

Alicheka mpaka akaketi. "Hiyo ilikuwa mvua tu, dada. Baridi yenyewe inakuja Julai."

Neno hilo moja ndilo lililoniharibu. Kesho yake tukafunga shule, nikashuka mlima nikiwa nimeshakata shauri: sirudi.

Nilipofika Temeke kilikuwa kipupwe. Bi Zuena alikuwa kizingitini kajifunika kanga mbili mpaka puani. "Karibu mwanangu! Baridi yako ndiyo umekuja nayo huku?" Mie nilikuwa nalowa jasho kwa raha. Nilijilaza kwenye mchanga wa uani kama kenge, nikageuka huku, nikageuka kule, kivuli changu kikigeuka nami. Mama akasema mtoto kachoka na safari. Baba akanitembeza mtaa mzima kama kikombe cha ushindi.

Kikohozi kilianza siku ya tatu. Nilikianzisha mwenyewe, nyuma ya choo, kwa majaribio.

Msidhani nilikurupuka. Nilifikiri kwanza. Kichwa kingeniletea kwinini. Tumbo lingeniletea mafuta ya mbarika. Kikohozi nikaona ndicho kisicho na dawa mbaya. Nikajifunza kukitoa chini kabisa, kikavu, na mwisho wake kamluzi kidogo, kisha nikaenda kukohoa karibu na jiko mama alipokuwa anakuna nazi.

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Kohoa tena," mama akasema.

Nikakohoa.

"Hiyo ni baridi imeingia kifuani," akasema. Jioni baba aliporudi kazini hakupewa hata maji. "Baba Adelina, sikiliza. Mtoto huyu harudi mlimani na kifua hiki. Siku ya safari akiamka hakohoi, atakwenda. Akikohoa, haendi, na padri aje aniulize mie."

Baba alikaa kwenye kigoda. "Sista amesema anayechelewa, kitanda chake kinapewa mwingine. Wako wasichana wengi wanaongoja."

"Wapewe."

"Margareta, nafasi ile ikipotea imepotea."

"Na kifua je? Kinauzwa Kariakoo?"

Basi mambo yote, ualimu wangu, heshima ya baba, maneno aliyomwambia kila muuza maji, yakawa yamening'inia kwenye kifua changu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nilichotakiwa ni kukohoa tu mpaka siku ya treni.

Nilichosahau ni mafusho. Wakubwa mnayajua. Asubuhi na jioni mama alichemsha chungu cha majani, mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na ya mpera, akaniketisha kwenye kigoda, chungu miguuni, na kunifunika mablanketi mawili na mkeka juu. Humo ndani hakuna hewa, hakuna mwanga, kuna mvuke na machozi. Nimekimbia baridi, sasa napikwa. Na nikitoa pua tu nipumue, mwiko wa mama wanigonga kisogo.

"Ingiza kichwa!"

Bi Zuena alikuwa akija kukaa kunitazama, kama watu wanaokwenda kutazama ngoma.

"Mama Adelina," alisema siku moja, nami namsikia kutoka chini ya mkeka, "kikohozi cha mwanao kina adabu sana."

"Kwa nini?"

"Hakikohoi mtu akiwa anakula. Jana kala vitumbua vyangu vinne, kimya. Alipomaliza, akafuta mdomo, ndipo kikaja."

"Usiseme hivyo, dada, mtoto anaumwa."

"Mie nimesema nini? Nimekisifu."

Nikakohoa haraka, lakini mvuke ukaniingia kooni, nikakohoa kweli, mpaka Bi Zuena akasema, "Eh! Hicho cha sasa ndicho cha mtu mgonjwa. Kile kingine sijui cha nani."

Baba hakunigombeza. Hilo ndilo lililonisumbua. Angenifokea ningefurahi, maana ningekuwa na wa kumnunia. Yeye jioni alikuwa anatandika mkeka karibu na chungu changu, anachonga mwiko, na ananihadithia Uhabeshi. Baba alikuwa keya, askari wa Mwingereza, wakati wa vita, na kila mtu Temeke alijua kwamba alifika Uhabeshi kwenye milima, kupigana na Mtaliani. Ila habari za baridi ya huko hakuwahi kuzieleza kama alivyonieleza mie mwezi ule.

"Kule, mama, ukitema mate yanafika chini yameganda," alisema. Baba huniita mama akinibembeleza. "Usiku tulikuwa tunalala na viatu. Ukivivua, asubuhi huviingii. Wiki ya kwanza nililia. Mwanamume mzima, nina bunduki, nalia."

Nikatoa kichwa nje ya blanketi. Mama hakuwapo. "Ukafanyaje?"

"Nikahesabu siku. Mwili ni kama mgeni. Siku ya kwanza unanung'unika maji ya kuoga, unanung'unika chakula. Siku ya arobaini ni mwenyeji, unawacheka wageni wengine. Siku ya arobaini nilikuwa natembea kifua wazi kwenye barafu. Uliza mtu yeyote."

Hakukuwa na mtu wa kuuliza. Lakini niliziona zile siku arobaini mbele yangu, na nikahesabu za kwangu: nilikuwa nimeshapita mia. Nikamwona Avelina amesimama mlangoni bwenini anatazama njia, na kitanda changu kimekaliwa na msichana mwingine asiyejua jiwe linaombwaje jikoni. Kesho yake nilisahau kukohoa mpaka saa sita mchana. Halafu nikakumbuka Julai, nikakohoa ya asubuhi na ya mchana kwa pamoja.

Siku ya safari ikafika. Treni ni saa tisa. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini, na sanduku la mninga alikuwa ameshalipanga mwenyewe toka alfajiri, blanketi jipya zito juu yake, akaliweka mlangoni kama mtu asiyesikia kikohozi. Mama alikuwa amekaa akinisikiliza kifua. "Adhuhuri ikifika bado kinakohoa," alisema, "sanduku linarudi ndani." Nilikuwa nimeshatoa viwili vizuri baada ya chai, na mafusho ya asubuhi yalikuwa yameisha. Nilijikunja kwenye kigoda na blanketi mabegani, mnyonge kama kuku wa mvua. Bi Zuena alikuwa ameleta vitumbua vya njiani, akisema visipokwenda Morogoro vitaliwa papo hapo.

Ndipo akatokea mtu mrefu mwenye kofia, mkononi kikapu cha korosho.

"Tumsifu Yesu Kristo! Hapa ndipo kwa Marselino?"

Baba aliinua kichwa. Nilimwona uso ukifurahi, halafu furaha ikasimama katikati, kama saa iliyokwisha ufunguo.

"Benedikto!"

"Mie! Nimeshuka melini jana kutoka Lindi. Nimeulizia seremala Mmakua toka mjini mpaka huku. Kila niliyemuuliza ananiambia, huyo ambaye bintiye anasomea ualimu!"

Wakakumbatiana. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi, akapewa maji. Mama akaambiwa huyu ni mwenzake baba wa keya, waliingia jeshini siku moja.

"Ah!" mama akapiga makofi. "Basi nawe shemeji umefika Uhabeshi!"

"Wapi?"

"Shemeji yako atakuwa na njaa," baba akasema. "Margareta, tazama kama kuna—"

"Uhabeshi," mama akarudia. "Kwenye barafu. Baba Adelina anamhadithia mtoto kila siku."

Bwana Benedikto alimtazama mama, akamtazama baba. Alikuwa mtu mwema, nafikiri alitafuta uongo wa kumsaidia mwenzake, ila hakuupata kwa haraka. "Shemeji," akasema pole pole, "sie tulifika Mombasa."

"Halafu mkaenda mbele."

"Halafu tukarudi. Miaka mitatu tulikuwa pale pale Mombasa, ghalani, mie na huyu, tunalinda viatu."

"Viatu!" Bi Zuena akasogeza kigoda chake.

"Viatu vya wale waliokwenda Uhabeshi. Na makoti yao. Maboksi mpaka darini. Joto lile! Marselino alikuwa anavua shati asubuhi analivaa Jumapili."

"Lakini baba alisema," nikadakia, "usiku mlikuwa mnalala na viatu."

"Hilo kweli," Bwana Benedikto akasema kwa furaha, maana hatimaye alipata cha kumtetea rafiki yake. "Ghala lilikuwa moja. Tulilala navyo viatu elfu sita."

Aliyeanza ni Bi Zuena. Alitoa mlio mmoja kama birika, akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kucheza. Mama alijitahidi, ni mke wa mtu, lakini alipotamka "Kifua wazi kwenye barafu" akashika nguzo ya nyumba. Na mie, jamani, mie nilianguka. Nilimwona baba kijana, amelala chali kifua wazi katikati ya viatu elfu sita, anahesabu siku arobaini. Nilicheka mpaka kigoda kikapinduka, nikacheka chini, nikavingirika na blanketi, nikanyamaza kupumua, nikakutana macho na Bi Zuena, nikaanza upya. Nilicheka vya wiki tatu za mafusho na vya miezi mitatu ya ukungu.

Baba alikuwa amesimama kando ya sanduku, mikono nyuma. Hakukana. Hakumgombeza rafiki yake. Alitungoja tumalize, mmoja mmoja, kama mwalimu anavyongoja darasa, macho yake yakiwa kwangu peke yangu, na ilinichukua muda kugundua kwamba hayana aibu hata chembe.

"Haya," akasema. "Mie sijafika Uhabeshi. Nimekamatwa." Akamgeukia mama. "Mama Adelina, mtoto amecheka muda gani?"

Mama akafuta machozi. "Sijui. Mpaka mbavu zinaniuma."

"Amecheka mpaka kaanguka. Kavingirika mavumbini. Kameza hewa, karudia." Akainama, akashika mshikio mmoja wa sanduku. "Umemsikia akikohoa?"

Mama alinitazama. Bi Zuena aliteremsha kanga usoni ili aone vizuri. Hata Bwana Benedikto, ambaye hakujua lolote, alinitazama.

Nikaketi, nikaweka mkono kifuani, nikakiita kile cha chini kabisa, kikavu, chenye kamluzi. Kikatoka kitu kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

"Hicho," Bi Zuena akasema, "nacho ni cha nani?"